Aliingia Vizuri, Akatoka Vibaya

...na kalamu yenyewe imefungwa kamba kwenye mguu wa meza, kana kwamba mtu aliyeitwa humu kuja kukatwa mshahara atabaki na moyo wa kuiba kalamu, aliwaza dereva, akaizungusha vidoleni, akaitazama karatasi, akaacha kuitazama, maana alikwisha kuisoma na kila alipoirudia jicho lilianguka palepale, mimi niliyetajwa hapo juu nakiri kwamba kwa uzembe wangu, kwa uzembe wangu, na bosi alikuwa amesema haya, weka sahihi hapo chini tuendelee na kazi, ndipo simu ikalia, bosi akainua kidole kimoja, subiri, akaipokea, na sasa alikuwa anaongea, halo, ndiyo, nakusikia, na kile kidole bado kilikuwa juu kimesahauliwa hewani, na dereva naye amesahauliwa pamoja nacho, amekaa nusu ya kiti kama mtu aliyekuja kuomba chumvi... uzembe, yeye, Taratibu, jina walilompa madereva wenzake si kwa kumsifu bali kwa kumcheka, kwa sababu hupunguza mwendo hata mahali palipokuwa na tuta zamani likaondolewa, yeye ambaye miaka yote ya kusambaza maji ya kampuni hii hajawahi kukwaruza hata kioo cha pembeni, leo ndiye mzembe, haraka haraka haina baraka, sawa, na hiyo taratibu yake imemzalia baraka gani, hebu mtu amwonyeshe. Na bosi alikuwa amemweleza kwa upole, upole ndio uliomkera zaidi, angemfokea angalau angepata pa kushikia hasira, lakini hapana, alimwita ndugu yangu, akasema bima wanalipa, ndugu yangu, usiwe na wasiwasi, paa jipya la gari, rangi, kila kitu, ila lile fungu la mwanzo la hasara wao hawaligusi, kila bima ndivyo ilivyo, hilo ni letu, na letu maana yake lako. Letu maana yake lako. Tangu lini, mbona faida ikiingia letu halijawahi kuwa lake, mwezi wa joto kali watu waliponunua maji mpaka ghala likabaki linalia mwangwi, letu lilikuwa la bosi, na mke wa bosi, na gari jipya la mke wa bosi, wao madereva waligawiwa kofia, kofia zenyewe zimeandikwa jina la kampuni, yaani hata zawadi ilikuwa kazi... na mkataba unasema, bosi alikuwa ameukunjua akauwekea kidole, dereva atabeba hasara itokanayo na uzembe wake, kwa hiyo ikiwa ni uzembe ni lako, ikiwa si uzembe ni la kampuni, hatukuonei, tunafuata maandishi, na dereva akaitikia kwa kichwa, kwa nini aliitikia, kichwa hiki kina tabia ya kuwaitikia wakubwa kabla mwenyewe hajaulizwa.

Nusu ya mshahara, miezi mitatu, ndivyo ilivyoandikwa chini ya lile neno, na miezi mitatu ni vile vyumba viwili walivyotaka kupanga, basi, kwaheri vyumba, vyumba viwili vyenye mlango wao na bomba lao, mwenye nyumba amesema atavishikilia mpaka mwisho wa mwezi kwa sababu ameupenda utulivu wa mke wa dereva, baada ya hapo atampa mtu mwingine, na mke wake alikwisha kwenda kupima dirisha kwa kipande cha kamba ili ajue pazia litahitaji kitambaa kiasi gani, kamba ile iko chini ya mto mpaka leo, yeye huihisi usiku kwa shavu lakini hasemi kitu, atasema nini, kuna mtu wa tatu nyuma ya ukuta, mama mkwe, ambaye hana baya hata moja, na hilo nalo ni tatizo, mama mkwe mbaya unaweza kumchukia ukapumua, huyu wake mwema unaishi naye kama unaishi msikitini au kanisani, unakohoa kabla ya kuingia sebuleni, unaoga alfajiri ili msikutane kwenye korido na taulo, unavaa shati hata jua likiwa linachoma, hunyooshi miguu, hucheki kwa sauti, ukigombana na mkeo mnagombana kwa macho, na chakula cha kwanza wewe, nyama kubwa wewe, kula mwanangu, umechoka, na kila nyama unayomeza inakukumbusha kwamba nyumba si yako, mwanamume mzima na ndevu zake... na juzi, mama mkwe aliposikia habari ya gari, alikuja kusimama mlangoni, hakuingia, akasema kwa ile sauti yake ya chini, mwanangu, kama ni kuteleza umeteleza, kubali tu yaishe, na mke wake kutoka jikoni akasema, mama, mwache, asikubali kitu asichokielewa, akaendelea kukoroga, kijiko kikilia kwenye sufuria. Asichokielewa. Hapo mke wake alimpiga pale penyewe, kwa sababu ukweli ni kwamba hakielewi, angekielewa angejitetea, lakini yeye mwenyewe usiku amelala macho yako darini anajiuliza swali lilelile aliloulizwa na bosi, na mkaguzi wa bima, na kila mpita njia mwenye mdomo, kama liliingia, lilishindwaje kutoka?

...hapana, hapana, sikiliza, bosi alikuwa anasema, usikate, nipo, akainuka na simu sikioni kama ilivyo desturi yake, bosi hawezi kuongea na simu ameketi, lazima azunguke, na yule ni mtu wa mwili, mwili haswa, alipoinuka kiti chake cha magurudumu, kile cha kupanda na kushuka chenye kishikio kibovu, kikashusha pumzi ndefu kikapanda juu nyuma yake, mikono ya kiti ikagota chini ya meza ikanasa, bosi akakivuta, hakitoki, akakibonyeza chini kwa kiganja kama anayempapasa mbwa, kikachomoka, akapita, wala hakuacha kuongea, nakwambia mteja huyu mkubwa, tusimpoteze, na dereva alikuwa anatazama hayo yote bila kuyaona, kwa sababu alikuwa yuko kule, chini ya jengo lile la ghorofa, mbele ya ule mlango wa kushukia chini kwenye maegesho, na boriti lake la zege limepakwa mistari myeusi na ya njano. Pale huwa hawaingii. Desturi ya madereva wote wa maji, siyo wa kampuni hii tu, ni kuegesha barabarani na kusukuma madumu kwa toroli, jua liwake mvua inyeshe, unaegesha nje, unasukuma, hakuna aliyekufa kwa kusukuma, wala hakuna dereva wa maji anayejua milango ya watu ina kimo gani, itamsaidia nini, yeye ni mtu wa barabarani na toroli, lakini siku ile bosi akapiga simu, mteja analalamika toroli zinachafua vigae vyake vya mapokezi, ingia mpaka chini, na yeye akasema, anakumbuka kabisa alivyosema, bosi, pale huwa hatuingii, na bosi akasema Taratibu, leo ingia, usinifundishe kazi, mimi nimeshika usukani kabla yako, na ni kweli amewahi kushika usukani, kila mtu anajua, ila hilo halimo kwenye karatasi, kwenye karatasi hakuna simu, hakuna leo ingia, kuna uzembe tu, ukiitafuta ile sauti hapo juu au hapo chini huioni, na akimkumbusha bosi atasema mimi nilikwambia uingie, sikukwambia ugonge.

Na aliingia, hilo ndilo linalouma, aliingia kwa adabu zake zote, alisimama, akashuka, akatazama juu, paa la bodi ya gari na boriti vimeachana kwa upana wa kidole, akapanda tena, mlinzi wa pale akaja mbele yake akimpungia mikono, njoo, njoo, imepita, njoo mzee, imepita, na ikapita, hata unywele haukuguswa, akaegesha, vijana wa jengo wakashusha madumu yote, moja moja, yamejaa, wanaguna, yeye akasaini karatasi ya mzigo, akapewa hata kiti akae, akageuza gari kule chini, akaja kutoka kwa mlango uleule, taratibu, gia ya kwanza, mguu kwenye breki, tena safari hii hakushuka kutazama, atazame nini, si ndiko alikopita sasa hivi... halafu ule mlio, Mola apishe mbali, anausikia mpaka leo akikatakata kucha, bati linachanika toka mwanzo wa paa mpaka katikati kabla mguu haujalisimamisha gari, na mlinzi kashika kichwa, na mkaguzi wa bima alipokuja na kamera yake akamuuliza mlinzi ilikuwaje, mlinzi akafikiri sana, mtu wa haki, hataki kumsingizia mtu, akasema, "Aliingia vizuri, akatoka vibaya." Maneno manne tu, na mtu mzima amezikwa. Akatoka vibaya, yaani mwendo, yaani alikuwa na haraka, yaani akili yake haikuwepo, na wenzake gereji wakamalizia, hasa Honi, dereva mwenzake wa njia ya pili, anayepiga honi hata akiona mbuzi amelala, huyo ndiye aliyesema mbele ya watu wote kwamba Taratibu alikuwa anamuwaza mama mkwe, wakacheka mpaka chai ikawatoka puani, na yeye akacheka pamoja nao, ndiyo, akacheka, mkubwa wa kucheka ili asiulizwe zaidi. Na labda wana haki, labda ndivyo, labda kwa kutoka alibana upande, labda kuna kibonde pale chini kilichoinua tairi, labda aliwaza vile vyumba, kubali yaishe, mwanangu, mlango uleule, gari lilelile, dereva yuleyule, kitu gani kilibadilika kama si dereva, na vidole vikaikaza kalamu, ncha ikagusa karatasi, ikaacha nukta ndogo ya buluu mwanzoni mwa ule mstari wa vitone, nukta tu, bado si jina.

...ingia tu, bosi alisema.

Ncha ikasimama. Ingia tu, ingia mpaka chini, mwambie mlinzi akuongoze, si unaona gari linapita, sasa unaogopa nini, Honi, yule mwenzako alizembea tu, ndiyo, yuko hapa mbele yangu tunamalizia mambo yake, wewe ingia... na bosi akamkonyeza dereva, kumkonyeza, kana kwamba wao wawili wana siri nzuri ya pamoja, akatulia akisikiliza, kumbe anaongea na Honi, kumbe muda wote huu ni Honi, yuko palepale, na gari linalofanana na lake kama pacha, kimo kilekile, bodi ileile, limetoka kiwandani siku moja na lake, na maneno ni yaleyale, ingia mpaka chini, yule bosi ambaye karatasi yake haina simu yoyote ameyarudia yote neno kwa neno mbele ya masikio yake bila hata aibu, kwa sababu aibu huja mtu akijua amefanya jambo, na huyu hajui, masikini ya Mungu, hajui kabisa... umepita? si nilikwambia, haya, washushe madumu yote, usikate simu, mpe yule mama wa ofisi yao niongee naye, nataka asikie kwamba leo hakuna toroli, na bosi akarudi mezani akajibwaga kitini, kiti kikadidimia chini yake kwa mlio wa kuchoka, mikono ya kiti ikapenya kwa ulaini chini ya meza, bila kugusa kitu, na hapo dereva akaona. Akaona kwanza kiti. Akaona ukingo wa meza umechubuka kwa ndani, mbao nyeupe, alama za miezi mingi, mikono ya kiti nayo ngozi imekwisha juu, na bosi akasikia simu inakatakata, akainuka kusogea dirishani, kiti kikashusha pumzi, kikapanda, kikanasa, bosi akakitukana, akakibonyeza kwa kiganja, kikachomoka. Meza ileile. Kiti kilekile. Aliyeondoka ni bosi, mwili wa bosi. Mzigo. Mzigo ndio uliobadilika, Mola wangu, madumu yote yale yamejaa maji, gari limekalia springi zake, tairi zimevimba kwa chini, limeinama kwa unyenyekevu likapita chini ya boriti, halafu wakalipunguzia, dumu kwa dumu, kila dumu linaloshuka gari linapanda kidogo, nalo lilikuwa limeacha upana wa kidole tu, na yeye amekaa kwenye kiti alichopewa akiwatazama, anakijua hiki kitu, anakijua kwa makalio yake, gari tupu linarukaruka kama mbuzi, lenye mzigo linatulia, miaka yote anarudi jioni anarushwa mpaka kichwa kinagusa dari, ila hakuwahi kukiweka pamoja na mlango, kwa sababu hakuwahi kuingia mlango wa mtu, wao ni watu wa barabarani na toroli... hakubana upande, hakukimbia, hakumuwaza mama mkwe, alitoka taratibu kama alivyoingia, ila alitoka mrefu zaidi.

Kitu kikampanda kifuani, alidhani ni furaha, hakikuwa furaha, kilikuwa hasira iliyopata miguu, na nyuma yake likaja wazo jingine, tamu, likaja polepole likakaa karibu naye kama shemeji mwenye umbea... nyamaza. Nyamaza tu. Huna haja ya kusema neno, kaa na kalamu yako ya kamba, dakika chache tu, wanashusha sasa hivi, boriti lile litakuja kukutolea ushahidi lenyewe kwa mlio mmoja mrefu ndani ya simu ya bosi, na bosi atausikia kwa sikio lake, na mama wa ofisi atapiga kelele, na nani atasema tena uzembe, madereva wawili, mlango mmoja, amri moja, hapo ndipo karatasi hii itachanwa na wenyewe, na vile vyumba viko palepale, na pazia, na yule Honi, acheke sasa, anywe chai yake tuone itatokea wapi... lakini ukisema sasa, Honi akitoka salama, utakuwa umepata nini, nani atakuamini, paa la Honi zima, lako limechanika, watasema umeona, Honi ameingia na kutoka, ni wewe tu. Hivyo ndivyo ilivyokaa, wazi kabisa, akinyamaza anapona na Honi anaumia, akisema Honi anapona na yeye pengine atabaki na uzembe wake, na dirishani bosi alikuwa anacheka na mama wa ofisi, haha, hapana mama, kwetu mteja ni mfalme, na huko nyuma ya kicheko, ndani ya simu, kwa mbali, alisikia au alidhani anasikia vijana wakiguna, na dumu likitua sakafuni, du, na jingine, du. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee, na ni kweli, wa Honi ungekuwa mwepesi, ungemfaa hasa, ila yeye alikuwa anaujua uzito wake, anaujua mpaka gramu, unaanza kwa neno moja kwenye karatasi, unaishia kwa kamba chini ya mto, na usiku ule wa macho darini, akijiuliza mtu mzima kama ana akili timamu, na Honi naye ana mke, ana dari, atalala chini yake akijiuliza vilevile, kitu gani nilifanya, kitu gani, na hataona kiti cha mtu yeyote kikipanda na kushuka ili apate jibu, na atakayekuwa na jibu ni yeye, Taratibu, atakuwa analijua na kunywa naye chai. Du, dumu jingine. Si kwamba alimpenda Honi ghafla, la, Honi ana mdomo mchafu na atabaki nao, ila kuna kitu mwanamume akikimeza hakishuki, hata ukiwa kwenye vyumba vyako viwili na bomba lako.

Akaiacha kalamu. Ikaviringika mpaka kamba ilipoishia, ikaning'inia chini ya meza. Ile nukta ya buluu ikabaki peke yake kwenye mstari, na yeye aliitazama akaona si mbaya, nukta haijakiri kitu.

"Bosi," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyoitaka, si sauti ya sebuleni kwa mama mkwe, "mwambie Honi waache kushusha. Atoke na mzigo, asitoke mtupu."

Bosi hakugeuka, alikuwa anamwambia yule mama kuhusu toroli, akainua kidole kimoja nyuma ya bega lake, subiri, na kiti kilikuwa kimesimama kando ya meza, kitupu, juu kabisa, na huko mbali dumu jingine lilitua, na dereva, ambaye kichwa chake kilianza kuitikia kile kidole kwa mazoea, alikizuia, akainuka, kiti chake nacho kikalia, akasema tena, kwa sauti zaidi.